Nimetoa kwa uaminifu miaka yote hii, mbona sijabarikiwa?

Swali: "Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Mimi ni mama wa watoto watatu, nina genge la mboga na matunda. Mume wangu alikuwa dereva wa lori mpaka alipopata kiharusi mwaka juzi. Upande wa kulia haujarudi sawasawa na kazi hawezi. Nimeokoka tangu nikiwa msichana. Fungu la kumi sijawahi kuruka, hata mwezi ambao nyanya ziliniozea nilitoa. Kila Januari natoa malimbuko, na mwaka jana nilipanda mbegu mara mbili kwa ajili ya uponyaji wa mume wangu. Mtumishi anayetuombea anasema ameona katika roho laana ya ukoo upande wa mume wangu, kwa kuwa babu yake alikuwa mganga, na kwamba baraka zetu zimefungwa mpaka nitoe sadaka ya kujimaliza, shilingi laki nane. Hizo ndizo nilizopata kwenye mgao wa kikoba, nilikuwa nimeziweka kwa ajili ya kliniki ya mume wangu na kuongeza mtaji. Yeye mwenyewe tangu aombewe amekataa dawa za presha, anasema akimeza anakana uponyaji wake. Mdogo wangu wa kike kanisani haendi kabisa, lakini amejenga, ana gari, watoto wanasoma shule nzuri. Alitaka kutusaidia gharama za hospitali, nikaambiwa nisipokee pesa ya mtu asiyeokoka. Watu wakiniambia 'umebarikiwa' najibu 'amina', lakini naona aibu, kama nasema uongo. Nijibu kwa ukweli: nimebarikiwa au sijabarikiwa? Na kama nimebarikiwa, hiyo baraka iko wapi? Si Biblia inasema baraka ya Bwana hutajirisha?"

Dada yangu,

Amina, asifiwe. Umeomba ukweli, nami sitaupaka sukari. Ila kabla hatujafika kwenye baraka kuna jambo ambalo haliwezi kusubiri hata wiki moja, nalo ni zile dawa za presha.

Presha haipigi hodi. Mtu anaweza kujisikia mzima kabisa, anakula, anacheka na watoto, huku mishipa yake inaumia. Kwa hiyo mume wako kujisikia vizuri baada ya maombi hakumwambii lolote kuhusu presha yake. Kinachosema ni kipimo. Na mtu aliyekwisha kupata kiharusi yuko katika hatari kubwa ya kupata kingine, hasa presha ikiachwa ipande. Mrudishe kliniki wiki hii, mwende na pakiti za dawa alizokuwa anatumia, mumweleze daktari aliacha lini, naye ndiye aamue aanze tena na dozi ipi. Siku ukiona uso umepinda upande mmoja, mkono umeishiwa nguvu ghafla au maneno hayatoki, tafuta gari kwanza, maombi yafanyike njiani.

Kuhusu kukana uponyaji, mwonyeshe habari za mfalme Hezekia. Nabii Isaya alimletea neno kwamba Mungu atamponya na kumwongezea miaka 15. Ahadi ilitoka kwa Mungu mwenyewe, haikuwa ndoto ya mtu. Bado Isaya akaagiza uletwe mkate wa tini ukawekwa juu ya jipu, na mfalme akapona (2 Wafalme 20:5–7). Hakuna aliyemwambia Hezekia kwamba ule mkate unapingana na ahadi. Paulo naye, ambaye kwa mikono yake Mungu aliponya wengi, alimwacha Trofimo kule Mileto akiwa mgonjwa, akamshauri Timotheo atumie divai kidogo kwa ajili ya tumbo lake, na miongoni mwa wenzake alikuwepo Luka, ambaye anamwita tabibu mpendwa. Msomee jioni mkiwa wawili, kwa upole, asione kama unamsuta.

La pili, zile laki nane: usizitoe.

Najua neno hilo ni zito kwa mtu aliyelelewa kwenye kutoa kama wewe, kwa hiyo sikuachi hapo bila Maandiko. Katika Marko 7 Yesu anawakabili walimu wa dini waliomruhusu mtu kuitangaza mali yake kuwa Korbani, yaani wakfu kwa Mungu, halafu asiwasaidie tena wazazi wake kwa mali ileile. Kwa macho ya watu, huyo alikuwa mtoaji mkubwa. Yesu anasema walikuwa wanalitangua neno la Mungu kwa mapokeo yao. Paulo anamwandikia Timotheo kwamba asiyewatunza wa nyumbani mwake ameikana imani. Pesa ya matibabu ya mume wako ina mwenyewe tayari, na Mungu ndiye aliyemweka huyo mwenyewe mikononi mwako.

Utaletewa habari ya mjane na senti zake mbili, maana huletwa kila mara. Isome, lakini anza mistari michache nyuma, pale Yesu anapowaonya watu juu ya waandishi ambao hula nyumba za wajane huku wakisali sala ndefu (Marko 12:38–40). Mjane anaingia baada tu ya maneno hayo. Yesu aliuona moyo wake na akausifu. Hakumwagiza atoe, hakumpangia kiwango, wala hakumwambia atarudishiwa mara mia kufikia mwisho wa mwezi.

Sasa tuje kwenye swali lenyewe. Ugumu wa maisha unaujua; hakuna mwenye genge asiyeujua. Nionavyo, kilichokuumiza zaidi ni kufundishwa kwamba mfuko wako ndio unaotangaza Mungu anakuonaje. Ukishaamini hivyo, kila nyanya inayooza inakuwa hukumu, na gari la mdogo wako linakuwa mahubiri dhidi yako.

Kila anayehubiri baraka huanzia kwa Ibrahimu, basi nasi tuanzie hapo. Mwanzo 12, Mungu anamwambia atambariki kabla hajatoa kitu chochote. Fungu la kumi alilompa Melkizedeki liko sura ya 14, na angalia mpangilio wake: Melkizedeki anambariki kwanza, ndipo Ibrahimu anatoa. Baraka haikununuliwa kwa lile fungu, ilikwisha kutamkwa. Ni kweli alikuwa na mifugo, fedha na dhahabu, Biblia haifichi. Lakini katika nchi ileile aliyoahidiwa aliishi kwenye mahema, na alipokuja kununua ardhi ilikuwa lile shamba lenye pango la Makpela, kwa shekeli 400 za fedha, ili apate pa kumzika Sara. Huyo ndiye mbarikiwa wa mfano. Na ndani ya ahadi yake kuna maneno ambayo hayasikiki sana siku hizi: "nawe uwe baraka", na katika yeye jamaa zote za dunia wabarikiwe. Tangu mwanzo baraka ilikuwa safarini kuelekea kwa wengine.

Lakini mtu ninayetaka ukae naye zaidi ni mjukuu wake, Yakobo, ambaye kwenye mikutano ya mafanikio hatajwi sana, na naelewa kwa nini. Yakobo aliipata baraka ya Isaka kwa udanganyifu, amefungwa ngozi za wana-mbuzi mikononi. Kilichofuata? Alikimbia nyumbani. Alimtumikia Labani miaka 20, na analalamika kwamba mshahara wake ulibadilishwa mara kumi. Raheli, mke aliyempenda, alikufa njiani akijifungua. Binti yake alitendwa vibaya. Wanawe walimletea kanzu yenye damu, akamlilia Yusufu kama aliyekufa. Kule Penieli alishindana usiku kucha akisema "Sikuachi, usiponibariki", akabarikiwa kweli, na asubuhi akaondoka anachechemea. Baraka na kuchechemea vilimjia usiku uleule, kwa mkono uleule.

Halafu njaa ikawaleta Misri. Mwanzo 47 inaeleza mzee huyu akisimamishwa mbele ya Farao. Farao anamuuliza umri wake, naye anajibu kwamba ni miaka 130, na kwamba siku za maisha yake "zimekuwa chache, tena za taabu". Mtu wa agano, mwenye baraka ya Ibrahimu na Isaka, ndivyo anavyoyaeleza maisha yake mwenyewe. Hakuna mtu aliyemkemea kwamba anajitamkia mabaya. Na sura hiyo inasema mara mbili kwamba Yakobo akambariki Farao. Mkimbizi wa njaa aliyekula chumvi nyingi anambariki mwenye ghala zote za Misri! Kama kipimo cha baraka ni mali, mstari huo umeandikwa kinyumenyume. Kama kipimo ni kuwa na Mungu aliyejifunga kwako kwa ahadi, basi uko sawasawa kabisa. (Kwa mtumishi wako, nadhani, Yakobo angetoka na ankara ya laana ya ukoo.)

Hiyo baraka ya Ibrahimu inatufikiaje sisi, watu wa mataifa, tusiozaliwa katika ukoo wake? Paulo anajibu katika Wagalatia 3:13–14. Anasema Kristo alitukomboa katika laana ya torati kwa kufanywa laana kwa ajili yetu, "ili kwamba baraka ya Ibrahimu iwafikilie Mataifa katika Yesu Kristo, tupate kupokea ahadi ya Roho kwa njia ya imani." Rudia sehemu ya mwisho. Baraka ya Ibrahimu inapofika kwetu, tunachopokea ni Roho, yaani Mungu mwenyewe kukaa ndani yetu, na njia yake ni imani. Ukifungua Waefeso sura ya 1 utakuta orodha ndefu ya baraka ambazo Paulo anasema tumekwisha kubarikiwa nazo: kuchaguliwa, kufanywa wana, ukombozi kwa damu, masamaha ya dhambi, kutiwa muhuri na Roho. Hakuna kiwanja humo. Na aliyeandika alikuwa kifungoni.

Hata ile baraka ya makuhani ambayo makanisa mengi hufungia ibada, katika Hesabu 6, sikiliza inaomba nini: Bwana akubarikie na kukulinda, akuangazie nuru za uso wake na kukufadhili, akuinulie uso wake na kukupa amani. Kiini chake ni uso wa Mungu kukuelekea. Mvua, mavuno, watoto na afya ni zawadi zake njema, na Agano la Kale linazifurahia waziwazi, lakini vyote hivyo mtu anaweza kuwa navyo huku amempa Mungu kisogo.

Sasa, Mithali 10:22. Umeuliza kwa haki, wala sitaukwepa: "Baraka ya BWANA hutajirisha, wala hachanganyi huzuni nayo." Mithali hueleza jinsi maisha yanavyokwenda kwa kawaida chini ya hekima ya Mungu. Bidii huleta mazao, uvivu huleta njaa, mali aliyoitoa Mungu haina kile kidonda cha mali ya dhuluma. Ni kweli tupu. Lakini kitabu hichohicho kinasema bora maskini aendaye katika unyofu wake kuliko tajiri mpotovu, na bora vichache pamoja na haki, na kina sala ya Aguri anayeomba asipewe umaskini wala utajiri. Mwandishi wa Mithali aliwajua maskini wanyofu, na hakuona kwamba wanaharibu kanuni yake. Anayekuletea mstari mmoja bila ndugu zake hakufundishi kitabu.

Kumbukumbu la Torati 28, ile ya kichwa na wala si mkia, ni maneno ya agano yaliyotolewa kwa taifa la Israeli likiwa nchi ya Moabu, karibu kuingia Kanaani. Yanahusu taifa, mvua yake, mipaka yake na maadui zake. Laana za sura hiyo ndizo Paulo anazosema Kristo alizibeba msalabani. Mtu hawezi kukudai leo kile kilicholipwa kwa damu. Na Malaki 3:10, ule mstari wa kuleta zaka ghalani? Soma pia mstari wa 5 wa sura hiyohiyo, Mungu anapotangaza kwamba atakuwa shahidi juu ya wale wanaomwonea mwajiriwa kwa ajili ya mshahara wake, na mjane, na yatima. Zaka iliyokuwa ikiletwa ghalani ilikuwa chakula. Ililisha Walawi wasiokuwa na mashamba, na kwa sheria ya Kumbukumbu 14 kila mwaka wa tatu iliwekwa kwa ajili ya mgeni, yatima na mjane pia. Nyumba yenye mgonjwa asiyeweza kazi na mama mmoja wa genge ingekuwa karibu zaidi na upande wa kupokea kutoka ghala lile. Ndiyo, hivyo hasa: kanisa lako ndilo lilipaswa kuja kwako na kapu.

Mafundisho ya "panda mbegu uvune" katika sura tunayoijua hayana umri mkubwa. Yalienezwa sana katika karne ya 20 na mhubiri wa Marekani, Oral Roberts, aliyefariki 2009, kisha yakasafiri kwa redio, televisheni na kaseti hadi kwetu. Mstari wanaoutumia, 2 Wakorintho 9:6, uko katikati ya mchango uliokuwa unakwenda kwa waumini maskini wa Yerusalemu, na mstari unaofuata unakataza kutoa kwa huzuni au kwa lazima. Wala usidhani wanaoyapinga ni wazungu wasiojua shida zetu. Wanateolojia wa Kiafrika wa harakati ya Lausanne, mtandao wa kimataifa wa Wakristo wa kiinjili, walikutana Akropong, Ghana, mwaka 2008 na tena 2009, wakaandika tamko. Walikiri kwamba Mungu hutenda miujiza na hubariki. Wakakataa kwamba utajiri ni ishara ya baraka siku zote, au kwamba umaskini, ugonjwa na kifo cha mapema ni ishara ya laana au ya kukosa imani siku zote.

Pengine unajiuliza, mbona basi shuhuda ni nyingi? Fikiria wanavyofanya wa kubeti: aliyeshinda mkeka anatangazwa redioni, na maelfu waliochaniwa hakuna anayewaita studio. Jumapili anaitwa mbele aliyepata kazi wiki tatu baada ya kutoa. Aliyetoa akakosa anabaki kwenye kiti chake, anajilaumu. Na ukilalamika utaambiwa ulitoa kwa mashaka, au kidogo, au kuna mlango wa laana haujafungwa. Tazama jinsi fundisho lilivyojijengea ukuta: ukipata, limethibitika, ukikosa, kosa ni lako. Halikuachi upande wowote wa kulikosoa. Ulipanda mbegu mara mbili mwaka jana, na jibu ulilopewa ni kwamba sasa inatakiwa kubwa zaidi. Hili linanikasirisha, nakiri, kwa sababu wanaoumia ni watu waaminifu kuliko wengi wetu tulioko mimbarini.

Laana ya ukoo nayo nisiipite. Kutoka 20:5 inataja uovu wa baba kupatilizwa kizazi cha tatu na cha nne cha wamchukiao Mungu. Mume wako hamchukii Mungu. Na Waisraeli walipoigeuza habari hiyo kuwa methali, kwamba mababa wamekula zabibu mbichi na meno ya watoto yametiwa ganzi, Mungu aliwakataza kuitumia tena, akasema "mwana hatauchukua uovu wa baba yake" (Ezekieli 18:20). Wanafunzi walipomuuliza Yesu juu ya kipofu, nani alitenda dhambi, yeye au wazazi, Yesu alijibu: huyu hakutenda dhambi, wala wazazi wake.

Familia hurithishana mambo, sikatai. Ulevi, madeni, ugomvi wa mashamba, hasira. Presha yenyewe hutembea ndani ya ukoo, kwa hiyo watoto wako wakikua wapime mapema. Kama kuna vifaa vya uganga vya babu bado viko nyumbani, viondoeni na mtubu kama mlivishiriki. Wale wa Efeso walileta vitabu vya uchawi wakavichoma, vya thamani ya vipande 50,000 vya fedha, na hakuna mtume aliyewatoza kwa kazi hiyo (Matendo 19:19). Mkifanya hivyo, mmemaliza. Msalaba hauna salio linalokusubiri wewe.

Kwa hiyo, umebarikiwa? Ndiyo. Nasema hivyo kwa sababu ya Kristo uliyemwamini tangu usichana, aliyekusamehe na kukufanya mwana, na wala simaanishi kwamba hali yako ni nzuri. Hali yako ni ngumu, na unaruhusiwa kusema hivyo mbele za Mungu kwa sauti. Daudi alisema "hata lini?" mara nne katika mistari miwili ya mwanzo ya Zaburi 13, na tunaiimba hadi leo. Ukijibu "amina" kwa machozi huwi mwongo. Yesu alipowaambia maskini, wenye njaa na wanaolia kwamba wana heri (Luka 6), hakuisifu njaa, alisema watashibishwa. Aliwapa ufalme watu ambao kila mtu alidhani wamepitwa. Siwezi kukuahidi kwamba mkono wa mume wako utarudi kama zamani. Uombee, na mazoezi msiyaache. Lakini ahadi ya Mungu kwako haijaning'inizwa kwenye mkono huo.

Umeuliza iko wapi. Zamani, walokole wa uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 na kuenea Uganda, Kenya na Tanganyika, walijulikana kwa kuungama hadharani, kurudisha vitu walivyoiba na kupatana na waliokosana nao. Wengi wao hawakuwa matajiri. Walipotoa ushuhuda wa kubarikiwa, walisema habari za msalaba na dhamiri iliyosafishwa. Mimi ningeitafuta huko. Miaka miwili umemhudumia mume asiyeweza kazi, watoto wanakula, humwibii mteja kwenye mizani, na moyo wako bado unamtaka Mungu kiasi cha kuona aibu ukidhani unamdanganya. Moyo wa namna hiyo haujioti wenyewe. Asafu, katika Zaburi 73, alikaribia kuteleza alipoiona hali ya amani ya wasiomjali Mungu. Mwisho wa wimbo mali haikuwa imebadilika mikono, lakini yeye anasema, "Nami kumkaribia Mungu ni kwema kwangu."

Kuhusu kutoa kwa kawaida, endelea kadiri moyo wako ulivyokusudia. Makanisa yanatofautiana juu ya fungu la kumi, kama ni sheria kwa Mkristo au ni mfano mzuri wa kuanzia. Mimi niko na hao wa pili. Mwezi ambao hakuna, hakuna, na Mungu hakuandikii deni.

Msaada wa mdogo wako upokee, na umpigie simu kumshukuru. Eliya alilishwa na kunguru, kisha na mjane wa Sarepta, nchi ya Sidoni iliyomwabudu Baali. Paulo na wenzake, baada ya kuvunjikiwa na merikebu, walikaribishwa na watu wa Malta ambao hata hawakumjua Kristo. Inawezekana kabisa Mungu alikwisha kujibu maombi yako kupitia mkono huo, ukafundishwa kuukataa. Na huenda mdogo wako angetamani kukaa na dada yake bila kuhisi kwamba pesa yake ni najisi. Pale hospitali ya serikali, ulizia pia ofisi ya ustawi wa jamii. Kazi yao ni kuangalia wagonjwa wasiomudu gharama. Ulizia na mazoezi ya viungo.

Limebaki kanisa. Sikusukumi kuondoka kesho, kwa sababu najua hapo ndipo walipo watu waliokaa nawe usiku wa kiharusi, na jambo hilo si dogo. Unaweza kubaki, ukakataa sadaka hii, ukaangalia watakavyokutendea. Unaweza pia kuhamia kanisa lingine la karibu ambalo wazee wake wanajulikana na hesabu zake zinasomwa mbele ya waumini. Usiende kuzungumza na mtumishi peke yako. Mchukue shemeji au mama mtu mzima mnayemheshimu. Mwambie kwa adabu kwamba fedha hizo ni za matibabu na hutazitoa. Akikuombea na kukubariki, vizuri. Akikutishia mauti, akitaja jina lako madhabahuni, au akisema ugonjwa utazidi kwa sababu yako, hapo sina ushauri wa kati: ondokeni. Simoni wa Samaria alidhani nguvu za Mungu zina bei, na Petro akamwambia fedha yake ipotelee mbali pamoja naye. Yule alikuwa anataka kununua. Anayeuza hasimami mahali pazuri zaidi.

Tena, kama usiku hulali, chakula hakipiti, au unafika mahali pa kuona afadhali usingekuwepo, mwambie daktari siku hiyohiyo mnayompeleka mume wako. Wauguzaji nao huugua, na mchungaji wa kukuandikia barua hatoshi kwa hilo. Unahitaji mtu wa kukaa naye uso kwa uso. Mwulize mdogo wako kama siku ya kliniki gari lake litakuwa na nafasi.